Mikoba ya Bibi: Kurudia Practical Magic, na Dada Watatu wa Salem



Visiwani kwetu kila mtaa una ukoo unaosemwa. "Wale wana mambo yao." "Yule binti karithi mikoba ya bibi yake." Maneno hayo hayana shahidi wala tarehe, lakini kila mtu anayajua. Hulala kimya miaka mingi, mpaka siku binti wa ukoo ule anapoposwa, ndipo yanapofukuliwa. Riwaya tuliyoirudia mwezi huu inahusu ukoo wa namna hiyo, ingawa mji wake uko mbali na sisi, katika jimbo la Massachusetts, Marekani.

Riwaya yenyewe ni Practical Magic ya Alice Hoffman, iliyotoka mwaka 1995. Wengi wenu mnaijua zaidi kwa filamu yake ya 1998, ile ya Sandra Bullock na Nicole Kidman. Ni hadithi ya mapenzi, udugu na uchawi, na mara ya kwanza tuliisoma kwa ajili ya mapenzi, kama wanavyoisoma wengi. Safari hii tumeisoma sambamba na historia ya mahali ilipozaliwa, yaani kesi za uchawi za Salem za mwaka 1692. Tukiziweka mbili hizo pamoja tunaona jambo ambalo tungependa kulizungumza nanyi. Kile kilicho kitamu kuliko vyote ndani ya riwaya, kwamba uchawi hupita kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu kama mkufu wa dhahabu, ndicho kilichotumika kuwaua wanawake wa kweli.

Hadithi kwa ufupi

Sally na Gillian Owens ni yatima wanaolelewa na mashangazi wawili wazee, Frances na Jet, katika nyumba kongwe. Wahenga walisema mchawi mpe mwana akulelee, na hapa ndivyo ilivyo, kwani mashangazi hawa wanaoogopwa na mji mzima wanawapenda watoto wale kwelikweli. Nyumbani hakuna masharti ya kulala mapema wala ya kumaliza mboga sahanini. Ni Sally mwenyewe, angali mdogo, anayejipa kazi ya kupika chakula cha maana na kuweka nyumba sawa, kwa sababu anatamani mno kuwa mtu wa kawaida. Skuli wenzao wanawakimbia. Paka weusi wa nyumbani wanapomfuata Sally mpaka darasani, ndiyo basi tena, jina limeshaingia.

Mchana, wanawake wa mji wakiwaona mashangazi huvuka upande wa pili wa njia. Usiku, wanawake haohao huja kugonga mlango wa uani. Mmoja anamtaka mume wa mtu, mwengine anamtaka wake arudi. Watoto hujibanza kwenye ngazi wakisikiliza, na wanachojifunza ni kwamba mapenzi ni maradhi. Binti mmoja anapewa dawa, anampata mwanamume aliyemtaka, kisha mapenzi yale ya kulazimishwa yanamkaba mpaka hana pa kupumulia. Msomaji wa kisiwani hahitaji kuelezwa sana hapa. Mlango wa uani tunaujua.

Dada wanakua. Gillian anatoroka na mwanamume. Sally anaolewa, anazaa mabinti wawili, Antonia na Kylie, anafiwa na mumewe, kisha anahamia New York ili wanawe waondokane na jina la ukoo. Miaka inapita. Usiku mmoja Gillian anafika na maiti ndani ya gari, ya mwanamume katili aliyekuwa akiishi naye, na dada wawili wanaizika uani, chini ya kichaka cha maua ya zambarau. Maua yanastawi kupita kiasi, na siri inaanza kujitoa yenyewe. Anakuja mpelelezi kutoka Arizona, na Sally, aliyeapa kutopenda tena, anampenda. Mwishowe inabidi mashangazi waitwe, na Sally aliyekimbia kwao kwa aibu anatambua kwamba hana pengine pa kukimbilia ila kwao.

Ile laana maarufu, kwamba mwanamume akipendwa na mwanamke wa Owens hufa, ilitiwa nguvu na filamu pamoja na riwaya zilizofuata. Hoffman alirudi kwenye ukoo huu mara tatu: The Rules of Magic mwaka 2017, Magic Lessons mwaka 2020, na The Book of Magic mwaka 2021. Magic Lessons ndiyo inayotupeleka kwenye chimbuko. Maria Owens, bibi wa mabibi wote, anaokotwa akiwa mtoto mchanga huko Uingereza mwaka 1664, anakulia kwa mwanamke anayejua miti na dawa, anafika kisiwa cha Curaçao akiwa mtumishi, na huko anampenda mwanamume anayemwachia mimba na kuondoka. Anamfuata hadi Salem. Jina la mwanamume huyo Hoffman hakulibuni. Anaitwa John Hathorne, na aliishi kweli.

Mwaka 1692

John Hathorne alizaliwa mwaka 1641 akafariki mwaka 1717. Alikuwa mfanyabiashara na hakimu, na ndiye aliyewahoji watuhumiwa wengi wa uchawi wa Salem. Ukisoma kumbukumbu za mahojiano yale, utaona kwamba hakuuliza kama mtu anayetaka kujua. Aliuliza kama mtu aliyekwishajua, anayesubiri tu mwenzake akubali.

Mambo yalianza majira ya baridi ya mwaka 1692 katika Kijiji cha Salem, ambacho leo kinaitwa Danvers. Katika nyumba ya mchungaji Samuel Parris, binti yake Betty, miaka 9, na ndugu yake Abigail Williams, miaka 11, walianza kupiga kelele, kujikunjakunja na kusema wanachomwa na kufinywa na mtu asiyeonekana. Daktari alisema wamerogwa. Wakaulizwa: ni nani?

Kijiji kile kilikuwa tayari kimejaa uchungu. Wanakijiji walikuwa wamegawanyika juu ya mchungaji wao, hata mshahara na kuni zake zikawa ugomvi. Koo zilikuwa zikigombania mipaka ya mashamba. Kaskazini kulikuwa na vita, na wakimbizi walikuwa wakiteremka na habari za vijiji vilivyochomwa. Koloni lenyewe lilikuwa limenyang'anywa hati yake ya utawala, na gavana mpya, William Phips, alifika na hati nyengine mwezi Mei tu, akakuta magereza yameshajaa. Mahali kama hapo mtu hatafuti sababu ya misiba yake kwa mfalme aliye ng'ambo. Anaitafuta kwa jirani.

Wa kwanza kutajwa walikuwa wanawake watatu. Sarah Good alikuwa maskini wa kuombaomba, mwenye ulimi mkali akinyimwa. Sarah Osborne alikuwa mgonjwa asiyeonekana kanisani muda mrefu, na alikuwa na kesi ya mirathi na jamaa wa mume wake wa kwanza. Wa tatu alikuwa Tituba, mtumwa wa nyumbani kwa Parris. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na mtu mkubwa wa kumsemea.

Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapotusaidia kuona. Sisi tuna neno uganga na neno uchawi, na kati yake dini imetuwekea neno sihiri na mpaka wake. Mashangazi wa Hoffman, kwa macho yao wenyewe, ni waganga. Kwa mdomo wa jirani ni wachawi. Lakini wanawake wa Salem hawakuwa hata hao waganga. Wengi wao hawakuwa na dawa, wala chungu, wala kitabu. Walikuwa na umaskini, au ulimi, au shamba ambalo mtu mwengine alilitaka. Sheria iliyowahukumu ilifanya uchawi kuwa kosa la kifo, na ushahidi uliokubaliwa ulikuwa wa kivuli: mtoto akisema amemwona fulani kwa sura ya kiroho akimkaba, imetosha, hata kama fulani yule usiku ule alikuwa kitandani kwake na mumewe pembeni. Utajitetea vipi dhidi ya kivuli chako?

Urithi wa mama

Katika riwaya, urithi wa Owens unapendeza. Antonia na Kylie wana macho ya ukoo, Kylie anahisi mambo ya watu bila kuambiwa, na msomaji hutamani naye angekuwa na bibi wa namna ile. Mwaka 1692 fikra hiyohiyo iliingia mahakamani.

Sarah Good alikuwa na binti aitwaye Dorothy, wa miaka minne au mitano. Mtoto huyu naye alitajwa, akakamatwa, akahojiwa. Akasema mama yake alimpa kinyoka kidogo kinachomnyonya kidoleni. Mahakimu waliandika hilo kama ushahidi juu ya mama na mwana pamoja. Dorothy alikaa gerezani miezi kadhaa akiwa na minyororo. Mdogo wake mchanga alikufa gerezani humo, na mama yao akanyongwa tarehe 19 Julai. Miaka mingi baadaye baba yake aliiandikia serikali kwamba binti yule hakupata tena akili ya kujiangalia mwenyewe.

Sarah Carrier, mtoto wa miaka saba hivi, alikiri kwamba yeye ni mchawi na aliyemfanya hivyo ni mama yake, Martha. Kaka zake wakubwa walifungwa shingo na visigino pamoja mpaka nao wakakubali. Martha Carrier hakukubali. Alinyongwa tarehe 19 Agosti.

Basi hiyo ndiyo mikoba yenyewe. Mtoto aliulizwa amerithi nini kwa mama yake, na hofu ikamjibia.

Dada watatu

Hoffman ametupa dada wawili, lakini Salem ilikuwa na watatu. Rebecca Nurse, Mary Easty na Sarah Cloyce walizaliwa katika ukoo wa Towne. Mama yao, Joanna, aliwahi kusemwa kwa uchawi miaka ya nyuma, na neno lile lilikuwa bado liko hai vinywani mwa watu. Juu ya hapo, watu wa kwao Topsfield walikuwa na ugomvi wa mipaka na ukoo wa Putnam, na ukoo wa Putnam ndio uliotoa mashtaka mengi kuliko mwengine wowote.

Rebecca alikuwa na miaka 71, bibi wa wajukuu wengi, mtu wa ibada, anayeheshimika. Alipokamatwa mwezi Machi, watu waliokuwa hawajashtuka walishtuka. Karibu majirani 40 walitia saini waraka kusema kwamba hawajapata kuona baya kwake, na wakati ule kumtetea mtuhumiwa kulikuwa kujiweka kwenye foleni. Sarah, mdogo wao, alikuwa kanisani Jumapili moja ya Aprili, mchungaji Parris alipohubiri juu ya msaliti aliyekaa miongoni mwa wema. Alijua anasemwa nani. Aliinuka, akatoka, na mlango ukajibamiza nyuma yake. Haukupita muda naye akakamatwa. Kisha akafuata Mary.

Kesi ya Rebecca inauma kuliko zote. Wazee wa baraza walisema hana hatia. Waliojidai kurogwa wakapiga mayowe ukumbini, na jaji mkuu, William Stoughton, akawarudisha wazee wakafikiri tena, akiwakumbusha neno moja alilolisema Rebecca juu ya mfungwa mwenzake, kwamba ni mmoja wao. Je, mmoja wao wachawi, au mmoja wao wafungwa? Kiongozi wa baraza akamuuliza. Rebecca alikuwa mzito wa kusikia, na amejaa huzuni. Hakusikia swali. Akanyamaza. Ukimya wake ukahesabiwa kuwa jibu, na hukumu ikageuzwa. Baadaye alieleza kwamba hakusikia, na kwamba alimaanisha wafungwa wenzake. Alinyongwa tarehe 19 Julai, siku moja na Sarah Good. Simulizi ya ukoo wake inasema watoto wake waliichukua maiti usiku wakaizika nyumbani kwao, na nyumba ile imesimama Danvers hadi leo.

Mary Easty aliachiwa mwezi Mei, akakaa kwake siku mbili, akakamatwa tena. Akiwa ameshahukumiwa, aliandika ombi kwa majaji. Hakuomba maisha yake, alijua yamekwisha. Aliomba damu nyengine isiyo na hatia isimwagike, akawashauri wawachunguze vyema hao wanaokiri na kutuhumu wenzao. Alinyongwa tarehe 22 Septemba pamoja na wengine saba. Hao ndio waliokuwa wa mwisho.

Katika filamu, Maria Owens anapewa kamba shingoni, na kamba inakatika. Salem hakuna kamba iliyokatika. Hatusemi hivyo kuiharibu filamu. Tunasema kwa sababu uganga wa kwenye filamu hufika pale ambapo binadamu wote wamekaa kimya, na Rebecca hakuwa na uganga. Alichokuwa nacho ni watu 40 hivi waliotia saini, na dada aliyeinuka kanisani.

Aliyekiri alipona

Jambo hili ndilo lililotukalia zaidi, sisi tuliolelewa kuambiwa kwamba ulimi hauna mfupa. Mwaka ule, zaidi ya watu 50 walikubali kwamba wao ni wachawi. Hawakuwa hao walionyongwa. Mahakama iliwaweka hai ili wawataje wengine. Walionyongwa ni wale waliosema hapana na wakabaki kwenye hapana yao. Samuel Wardwell alikiri, akapumzika, kisha dhamiri ikamsuta akayafuta maneno yake. Akanyongwa naye. Margaret Jacobs, binti mdogo, alimtaja babu yake mwenyewe ili apone, kisha akashindwa kuubeba uongo ule akaufuta. Babu alikuwa ameshapotea.

Kwa hiyo Rebecca na Mary walikuwa na mlango ulio wazi. Ingetosha kusema, ndiyo, nimerithi kwa mama. Neno hilo moja lingewaokoa, na lingemchafua mama yao kaburini na kuwatia hatarini mabinti zao. Hawakulisema. Yule Sarah, wa tatu, alikaa gerezani mpaka Januari 1693, kesi yake ikafutwa, akahama na mumewe kwenda kuanza upya mahali panapoitwa Framingham.

Tituba alichagua njia nyengine, na hatumlaumu. Alikuwa mtumwa. Nyaraka zinamwita Mhindi Mwekundu, na bwana wake Parris aliwahi kuishi Barbados, kisiwa cha miwa na watumwa. Aliwaambia mahakimu wanachotaka kusikia, tena kwa ufundi: mtu mrefu aliyevaa nguo nyeusi, kitabu chenye alama tisa. Tisa! Yeye na wenzake ni watatu tu, basi wengine sita wako wapi? Msako ukaanza hapo. Alibaki hai, lakini alikaa gerezani zaidi ya mwaka, kwa sababu mfungwa alitakiwa kulipia chakula na minyororo yake mwenyewe, na Parris alikataa kumlipia. Mtu mwengine alilipa deni, akamchukua kama mali. Baada ya hapo nyaraka zinanyamaza juu yake. Riwaya nyingi za uchawi zimejengwa juu ya mgongo wa mwanamke huyu, lakini ni chache zinazomkumbuka wakati wa kugawa nguvu na furaha.

Waliotubu na wasiotubu

Jumla, watu 19 walinyongwa, na mzee Giles Corey alikandamizwa kwa mawe mpaka akafa kwa kukataa kujibu mashtaka. Wengine wasiopungua watano walifia gerezani, akiwemo Sarah Osborne. Waliotuhumiwa walipindukia 150. Mwezi Oktoba gavana Phips aliivunja mahakama, baada ya tuhuma kupanda ngazi mpaka kumfikia mke wake mwenyewe, na baada ya wachungaji wakubwa wa Boston kusema kwamba kivuli si ushahidi.

Mwaka 1697 jaji Samuel Sewall alisimama kanisani huku maungamo yake yakisomwa mbele ya watu. Mwaka 1706 Ann Putnam, aliyekuwa msichana wa miaka 12 wakati ule na mmoja wa watoa tuhuma wakuu, naye alisimama. Maungamo yake yalimtaja Rebecca Nurse na dada zake wawili, akaziomba radhi familia na kumwomba Mungu msamaha. Mwaka 1711 serikali iliwafutia hatia wengi wao na kulipa fidia. Ila jina la mwisho, la Elizabeth Johnson, lilisahaulika mpaka mwaka 2022, liliposafishwa kwa juhudi za wanafunzi wa skuli moja na mwalimu wao. Miaka 330 kusafisha jina lililochafuliwa kwa siku moja!

Stoughton hakutubu hadharani. John Hathorne naye hakutubu. Kilembwe chake ndiye mwandishi maarufu Nathaniel Hawthorne, aliyeongeza herufi moja kwenye jina la ukoo na akaandika wazi kwamba anaibeba aibu ya wazee wake. Mwaka 1851 alitoa The House of the Seven Gables, riwaya ya nyumba, ukoo, ardhi ya dhuluma na laana ya mtu aliyenyongwa kwa uchawi, ambayo inaishia kwa vijana wa koo mbili hizo kuoana. Ukiisoma hiyo unaona Hoffman alikotoka. Ila kuna tofauti: kwa Hawthorne laana inakaa kwenye nyumba ya aliyedhulumu. Kwa Owens, laana inakaa kwa mwanamke aliyedhulumiwa, na mabinti zake ndio wanaoilipa. Hapo tunabishana na hadithi tunayoipenda. Maria ndiye aliyeachwa, ndiye aliyetiwa kamba, na bado deni linaandikwa kwa jina lake.

Mwaka wa 1995, na leo

Mwaka uleule riwaya hii ilipotoka, 1995, sisi Zanzibar tulikuwa na hofu yetu. Akina mama mnaikumbuka. Popobawa alianza kusemwa Pemba, akavuka kuja Unguja, watu wakalala nje kwa makundi wakiwa wamewasha moto. Na katika hofu ile mtu mmoja mgonjwa wa akili, aliyetoka bara, aliuawa mjini na kundi la watu waliosema ndiye. Alikuwa mgeni, mgonjwa, hana wa kumsemea. Ndiye Sarah Good wa mwaka ule.

Na huko bara, katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, macho yaliyowekundishwa na moshi wa kuni walizowapikia watoto na wajukuu. Huko nako ukichimba unakuta mara nyingi kuna shamba, au mirathi, au msiba uliokosa maelezo.

Tuna methali tunayoipenda, kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Salem lilisemwa na halikuwepo, ila kwa sababu lilisemwa sana, kweli likaja: si uchawi, bali mauti. Dini yetu imetukataza dhana, kupelelezana na kusengenyana, na imeweka sharti zito la mashahidi kwa anayemtupia mwanamke mwema neno. Ni rahisi kulichukulia katazo hilo kama adabu ya barazani tu. Ukisoma habari za Rebecca Nurse unaona kwamba ni ulinzi wa roho za watu.

Kwa hiyo isomeni Practical Magic, nasi tutaisoma tena. Ni riwaya yenye huruma, inayojua kwamba dada anayekuja usiku na balaa lake hafukuzwi. Mfurahie Sally akijifunza kutoona haya kwa waliomlea. Lakini mkifika kwenye kurasa za urithi wa damu, wakumbukeni mabinti wa Joanna Towne, waliorithi kwa mama yao jina baya tu ambalo halikuwa haki yake, wakakataa kulithibitisha hata kwa bei ya shingo zao.

Na safari nyengine shoga yako atakapokunong'oneza kwamba binti fulani asiolewe kwa kuwa kwao wana mikoba, muulize kwa upole: nani aliiona? Akisema watu wanasema, basi lizikeni neno hilo hapohapo mlipokaa, lisimfuate binti wa watu mpaka kwa wakwe zake.

Mola atuhifadhie ndimi zetu, na awahifadhi mabinti zetu na ndimi za wenzetu. Amin.